Kutoka Keko hadi Soni: siku kumi na mbili nikipima majiko

Nilirudi Dar mwishoni mwa Julai 2025. Haya nimeyakusanya kutoka daftari langu la vipimo na picha za simu, maana nilivyokuwa njiani nilikuwa naandika namba tu: urefu, upana, bei. Mimi ni seremala, natengeneza makabati ya jikoni Keko. Mwezi Mei nilimleta mama Dar kwa ajili ya kikohozi kisichokatika. Daktari hakumuuliza kama anavuta sigara. Alimuuliza, "Mama, unapikia nini?" Mama akajibu, "Kuni, mwanangu, tangu nizaliwe." Daktari akaandika kitu, akaniangalia mimi.

Nimefunga makabati kwenye nyumba nyingi za watu, na jiko la mama yangu lilikuwa bado ni mafiga matatu ndani ya chumba cha udongo kisicho na dirisha. Nikapanga safari: nione kwanza wenzetu wamefanyaje, halafu nikamjengee.

Jumamosi 12 Julai 2025. Dar hadi Moshi

Basi la saa 12 asubuhi kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi. Nauli 38,000. Chalinze, Segera na Korogwe zilipita vizuri. Pale Mombo nikaiona njia panda ya kwetu Soni, nikaipita, mama akijua niko Dar.

Baada ya Hedaru gari likazima. Mkanda wa injini umekatika, kondakta akasema nusu saa. Ikawa saa mbili na dakika arobaini, juani. Kando ya barabara kulikuwa na mama ntilie chini ya turubai, akatuita wote tukae kivulini, wanunuzi na wasionunua. Kulikuwa na binti mwenye mtoto mchanga. Mama yule akampa kiti chake mwenyewe, akamchemshia maji ya uji, na hela akakataa.

Nilikula wali maharage, 2,500, nikaomba nipime sehemu yake ya kupikia. Alishangaa lakini akakubali. Majiko matatu ya mkaa yamekaa nusu duara, na upande wa upepo ameegemeza kipande cha bati. Kutoka alipokaa hadi ndoo ya maji, sentimita 60. Hadi sahani, 55. Hadi jiko la mbali kabisa, 70. Hainuki. "Nikinuka mara mia kwa siku mgongo unaniua," alisema, "kwa hiyo kila kitu nimekiweka pale mkono unapofika." Hakuna mtu aliyemchorea. Jiko zuri la kwanza katika safari hii lilikuwa hilo, ingawa nalo linakula mkaa, na yeye mwenyewe alilalamika kwamba gunia linapanda bei kila msimu wa mvua.

Moshi tulifika saa 2 usiku. Gesti karibu na stendi 25,000 pamoja na chai.

*Kwa atakayepita:* ukitokea Dar kaa upande wa kulia, kuanzia Korogwe utaona milima ya Usambara na Upare njia nzima. Beba koti. Julai mlimani si mwezi wa kuchezea.

Jumapili 13 Julai. Machame

Daladala hadi Machame 2,000. Mwenyeji wangu ni mwalimu mstaafu, mzazi wa mteja wangu mmoja. Ilibidi nisubiri watoke kanisani, kwa hiyo hadi saa 6 nilikuwa nimekaa chini ya mgomba nakula parachichi nililopewa na kijana asiyenijua.

Kihamba chao, yaani shamba linalozunguka nyumba, kina migomba, kahawa, na ng'ombe watatu wa zizini. Nyuma ya zizi kuna mtambo wa biogesi, wa mita za ujazo 6, umezikwa ardhini na mgongo wake umetokeza kidogo kama kichuguu. Ni ule mtindo wa kuba la matofali ambao CAMARTEC, kituo cha teknolojia za vijijini cha Arusha, kimekuwa kikiueneza tangu miaka ya 1980. Kila asubuhi ndoo za kinyesi kibichi huchanganywa na maji, nusu kwa nusu, zikamiminwa ndani. Gesi inapanda, bomba linaileta jikoni. Tope linalotoka upande wa pili halinuki kama kinyesi tena, linakwenda kwenye migomba.

Jikoni nilikuta moto wa bluu na sufuria ya machalari, zile ndizi za kupika na nyama. Nilipitisha kidole chini ya sufuria iliyokuwa imening'inia ukutani: hakuna masizi.

Lakini kilichonikaa moyoni ni mambo mawili aliyosema mke wa mwalimu. La kwanza, zamani kuni zilikuwa kazi yake na mabinti. Mtambo ulipokuja, mwalimu na mtoto wa kiume wakauita "mashine," na kuchanganya kinyesi kukawa kazi yao. "Sijawahi kumwambia," alisema mama huyo kwa sauti ya chini, "lakini hiyo peke yake inanitosha." La pili, baridi. Baada ya chakula, nilidhani tutakaa sebuleni. Tukahamia wote jiko la zamani, uani, ambako walikuwa wamewasha kuni. Wajukuu, jirani, mwalimu mwenyewe na blanketi. Gesi inapika, lakini haimkusanyi mtu.

Mwalimu naye alinionya. Mwaka juzi aliuza ng'ombe mmoja kwa ada ya shule, gesi ikapungua papo hapo. Na miezi ya baridi kama hii mtambo huwa mzito, maana vile vijidudu vinavyotengeneza gesi vinataka joto. Kwa hiyo Julai gesi inatosha chai na mboga, ndizi zinamaliziwa kwa kuni.

Niliandika usiku ule kwenye daftari, na nikapiga mstari: *moto ulikuwa na kazi ngapi?*

Jumatatu 14 Julai. Moshi hadi Monduli

Basi dogo hadi Arusha, kisha gari dogo la Noah hadi Monduli, 3,000. Arusha nilinunua sufuria ya presha ya umeme, 135,000 baada ya kupunguziwa. Siku nzima ilikuwa barabara na foleni, sina la kusimulia zaidi.

Isipokuwa mabango. Njia nzima kuna mabango ya nishati safi ya kupikia. Mkakati wa taifa ulizinduliwa tarehe 8 Mei 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Ni jambo kubwa na ninaliunga mkono kwa moyo wote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa ndani ya nyumba uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwamo watoto wa chini ya miaka mitano zaidi ya laki mbili. Ninachokiona mimi kama fundi ni kwamba tunahesabu mitungi ya gesi na majiko, hatuhesabu vyumba. Mtungi ukiwekwa ndani ya chumba kisicho na dirisha, karibu na mlango mmoja, mama akiwa ameinama, jiko bado halijabadilika.

Jumanne 15 Julai. Bomani

Bodaboda kutoka Monduli mjini hadi boma tulilokuwa tumeagana, 8,000. Katikati ya njia gurudumu likatoboka kwa mwiba. Hakuna kijiji, vumbi tu na mbuzi. Walitokea morani wawili, mmoja akachukua begi langu na sufuria yangu mpya kichwani bila kuulizwa, tukatembea saa nzima. Nilipotoa elfu tano akakataa, akaomba maji ya kunywa tu.

Mwenyeji alikuwa mama wa makamo. "Takwenya, yeyo," nilimsalimu kama nilivyofundishwa, akaitikia "Iko" huku akicheka, halafu akaniongelesha Kiswahili safi.

Kwa Wamasai nyumba hujengwa na mwanamke. Fito, udongo, kinyesi cha ng'ombe, yote ni mikono yake. Ndiyo maana kule kuna vikundi vya wanawake mafundi wanaojenga majiko ya matofali yenye bomba la moshi ndani ya nyumba hizo. Hawasubiri fundi mwanaume atoke mjini. Yeye ni mmoja wao. Alinionyesha jiko lake: tofali zimefunikwa udongo, mdomo mmoja wa kuni, na bomba linalopanda hadi nje ya paa. Lilikuwa na urefu wa sentimita 38 tu. Nilitaka kumuuliza kwa nini fupi hivyo, kabla sijafungua mdomo akakaa kwenye kigoda, akanyoosha mkono, na sufuria ikawa chini kidogo ya kiwiko chake. Paa lenyewe nililigusa kwa kichwa. Jiko la sentimita 90 mle ndani lingekuwa ukuta.

Zamani, alisema, ukiingia ndani usiku huoni uso wa mwanao. Mzigo wa kuni sasa unadumu karibu mara mbili ya siku ulizokuwa unadumu. Nikamuuliza swali la daftari langu: moshi ulikuwa na kazi gani? Alifikiri. Ulifukuza mbu na wadudu wa paani. Halafu akachukua kibuyu cha maziwa, akanusisha. Kibuyu husafishwa kwa kijinga cha mzeituni mwitu, oloirien, mkaa wake unasuguliwa ndani mpaka maziwa yakae muda mrefu na yapate ladha. "Wakati wanatufundisha jiko hili," alisema, "sisi wenyewe tulisema mdomo uwe mpana, tupate kutoa kijinga." Nilipima mdomo wa jiko: kijinga kinene kama kifundo cha mkono kinapita.

Walinipa chai ya maziwa mara tatu. Sijui nitailipaje chai ile.

*Kwa atakayepita:* usiende bomani mikono mitupu, peleka sukari na majani ya chai. Omba ruhusa kabla ya picha, na ukikataliwa, mshukuru mwenyeji uendelee na mazungumzo. Rudi mjini kabla ya saa 11 jioni, boda ni za kubahatisha.

Jumatano 16 Julai. Arusha hadi Soni

Basi hadi Mombo 22,000. Mombo kupanda Soni kwa Noah, 3,000, kona juu ya kona, mtoto aliyekaa nyuma yangu akatapika, abiria wote wakachangia leso na maji. Nilifika nyumbani jua limezama. Mama alikuwa jikoni anachochea moto. Alisikia "shikamoo," akatoka na machozi, na siku ile nilitazama macho yale vizuri kuliko siku zote: mekundu, yamevimba chini.

Nikaingia na tochi. Mita 2.4 kwa 2.9. Mlango mmoja, dirisha hakuna. Kuta nyeusi zinang'aa kama zimepakwa lami. Juu ya mafiga kuna dari ya fito, na darini mahindi.

Alhamisi 17 hadi Jumatatu 21 Julai. Ujenzi

Nilikuja na mchoro niliouchora Keko. Mama aliushika, akaugeuza, akauliza, "Na mahindi yangu yatakaa wapi?"

Hapo ndipo swali la Machame na Monduli lilipokaa sawa. Ule moshi unaomkohoza ndio unaomlindia mbegu. Kwetu mahindi ya mbegu huning'inizwa juu ya moto ili dumuzi asiyaguse, yule mdudu mtoboa mahindi ambaye watu wanamwita Scania. Ningetoa moshi nikaondoka na furaha yangu, na Oktoba mama angekuwa na unga wa dumuzi badala ya mbegu. Ninaamini majiko mengi mazuri yameachwa vijijini kwa sababu kama hiyo. Watu hawakatai maendeleo. Jiko jipya ndilo lililokuja likaacha kazi nusu.

Tukakaa chini, mama, shangazi na mimi, tukaandika kila kazi ya moto ule. Kupika. Kuota. Kukausha kuni. Kulinda mbegu. Kulinda mahindi ya kula. Kupasha maji ya kuoga. Mchoro wangu ulikuwa umejibu moja.

Mahindi ya kula tukayaamulia mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, ambayo mdudu hufa ndani kwa kukosa pumzi. Tulinunua sita Lushoto, 5,000 kila mmoja. Sharti lake ni mahindi yakauke kabisa, na panya asifike.

Mbegu ilikuwa ngumu. Shangazi akasema tuiache nusu ya chumba na moshi wake. Mama akasema hapana, akachukua kijiti akachora chini kwenye udongo: bomba la moshi lisipande moja kwa moja, kwanza lipite ndani ya kijumba cha tofali, mbegu zining'inie humo, kiwe na mlango mdogo. Moshi unafanya kazi yake humo, halafu unatoka nje. Nilimtazama mama yangu. Hajui kusoma ramani, na amechora kitu ambacho sikuwa nimekiwaza.

Ndivyo tulivyojenga. Tofali alizitoa baba mdogo kwenye nyumba yake iliyobomoka, kwa hiyo hatukuchoma tofali mpya na kuteketeza miti mingine. Udongo wa jiko ni wa kichuguu uliochanganywa na majivu. Fundi mwashi siku tatu, 75,000. Saruji mifuko miwili 38,000, bomba 35,000, mlango mdogo wa chuma 15,000, bati moja linalopitisha mwanga 28,000. Ukijumlisha na mifuko ya kinga njaa ni 221,000. Dirisha na rafu nilitengeneza mwenyewe kwa mbao za kwetu.

Urefu ulitupa mjadala. Kiwiko cha mama kiko sentimita 96 kutoka chini. Ukisoma vitabu vya makabati, utaweka meza 85 au 90, lakini juu yake kuna sufuria, na ugali wa muhogo husongwa kwa uzito wa mwili, siyo kwa bega. Tulijaribu kwa kupanga tofali kavu, mama akashika mwiko, tukawa tunatoa tofali moja moja. Tukaishia 58. Na kwa kuwa maharage anachambua akiwa amekaa, tukaweka benchi la sentimita 35 kando, kuelekea dirishani, lenye nafasi ya watu watatu. Hilo la watu watatu nililisisitiza mimi kwa sababu ya Machame.

Ijumaa tuliwasha kujaribu, moshi ukarudi ndani kwa fujo kupitia kijumba cha mbegu. Tulikuwa tumeacha nyufa, na bomba lilikuwa chini ya kilele cha paa, upepo unalipiga. Tukaliongeza likapita kilele, tukaziba nyufa kwa udongo na majivu. Jumapili likavuta vizuri. Nilishika karatasi mdomoni mwa jiko, ikainamia ndani.

Kuni tumezihamishia nje, chini ya mchirizi upande wa jua, kwenye rafu. Kuni mbichi ndiyo mama wa moshi, hakuna jiko litakaloishinda.

*Kwa atakayejenga:* usianze na jiko. Anza kwa kukaa jikoni siku nzima na anayepika, umwandikie kila anachofanya. Na bomba lipite kilele cha paa.

Jumanne 22 Julai. Makande

Nilitaka kuijaribu sufuria ya presha. Nyumbani kuna umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, na mama yuko kwenye bei ya wanaotumia uniti chache, takriban shilingi 122 kwa uniti pamoja na kodi. Kabla ya kuwasha, LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ilisoma uniti 12.4. Makande, ambayo kwa kuni ni kazi ya asubuhi nzima, yaliiva kwa dakika 55. LUKU ikasoma 11.8. Hata shilingi mia hazikufika. Mama alionja, akanyamaza, akaonja tena. "Yameiva," alisema, "ila hayajanukia." Akayahamishia kwenye chungu, akayaweka jikoni kwa vijiti vitatu vya kuni, robo saa.

Saa 10 umeme ukakatika hadi usiku. Mama hakushtuka, akaongeza kijiti. Jifya moja haliinjiki chungu. Nimeacha kutafuta jiko moja litakalomaliza yote.

Jioni jiko lilikuwa limejaa watu. Shangazi kwenye benchi, watoto wawili wa jirani wanafanya hesabu za shule chini ya mwanga wa bati, mimi mlangoni. Niliona nyuso zote. Mama amekohoa, sitadanganya, kifua cha miaka hamsini hakiponi kwa siku mbili. Lakini macho yalikuwa meupe.

Jumatano 23 Julai. Kurudi

Gari la Dar linapita Mombo saa 4, kwa hiyo niliondoka alfajiri. Nilipopita jikoni kuaga, nilimkuta jirani yetu wa juu, bibi ambaye tangu Ijumaa alikuwa akipita akichungulia bila kusema kitu. Amesimama mbele ya jiko na kamba ya katani mkononi. Alipima kutoka sakafuni hadi juu ya jiko, akaitazama kamba. Kisha akaipandisha usawa wa kiwiko chake mwenyewe, akatikisa kichwa, akasogeza vidole viwili chini, na hapo akafunga fundo.